Tumefundishwa kubonyeza

Katika nusu ya pili ya mwaka 2024, nyumba nyingi za Tanzania zilipitia kituko kimoja na karibu zote zikanyamaza. Mtu alinunua umeme wa LUKU kama kawaida yake, wa elfu tano au elfu kumi, na badala ya kundi moja la tarakimu 20 akaletewa makundi matatu. Aingize la kwanza, kisha la pili, na uniti ziingie kwa la tatu. Tarakimu 60. Mwenye miwani aliivaa, asiye nayo alimwita mtoto wa jirani. Aliyekosea alianza upya huku mita ikimlilia. Ukiuliza yote haya ya nini, jibu lilikuwa moja: "Wanaboresha mita."

Sababu yenyewe ilikuwa nyepesi kueleza, na tamu kuisikia. Mita ya LUKU iliyoko ukutani kwako haina mtandao na haiongei na mtu yeyote. Kila inachotakiwa kujua kimefichwa ndani ya zile tarakimu 20: uniti ni ngapi, na namba ilitolewa dakika gani, ili mjanja asiitumie mara mbili. Dakika hizo huhesabiwa kuanzia 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kuziandika hubeba dakika 16,777,216 basi. Piga hesabu utakuta zinaishia 24 Novemba 2024. Baada ya siku hiyo, mita ya aina hiyo ambayo haijaguswa, iwe Mbagala au Johannesburg, ingekataa kila namba mpya. Yale makundi mawili ya mwanzo yalikuwa yanaipa mita ufunguo mpya na mahali pengine pa kuanzia kuhesabu.

Aya moja tu. Mtoto wa darasa la saba angeielewa, na ile hesabu ya dakika angeikokotoa kwenye daftari lake. TANESCO tuwape haki yao, walitangaza sana. Tarehe ya mwisho tuliijua na utaratibu tuliusikia hadi tukaukariri. Lakini walichotufundisha ni kubonyeza, nasi tukaridhika. Kuridhika huko ndiko kunakotusumbua sisi wa meza hii kuliko mita zote za LUKU.

Wanaoilalamikia teknolojia kwa kawaida humlalamikia kijana: kutwa yuko kwenye simu, hasalimii wakubwa, hajui hesabu za kichwa. Mengine ni kweli, lakini wazee wanaoyasema hayo nao wana magurupu ya WhatsApp matano matano na wanasambaza dawa za kisukari ambazo hakuna daktari aliyezisikia. Tumwache kijana. Wala hatusemi turudi nyuma. Kabla M-Pesa haijaingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, ada ya mtoto wa bweni ilisafiri ndani ya bahasha mkononi mwa kondakta wa basi. Siku nyingine ilifika, siku nyingine kondakta alikuwa amehama kampuni. Anayeitamani ile bahasha aanze kutuma yeye.

Tunachokisema ni kwamba tumehamishia maisha kwenye mifumo tusiyoijua inavyokwenda, na hatukujiuliza siku ikigoma tutafanyaje. Nayo inagoma.

Mei 2021 mfumo wa kuuza LUKU uliharibika. Mitambo ya kufua umeme ilikuwa inazunguka, nyaya zina moto, mita ni nzima na mteja ana pesa mkononi. Kilichokosekana ni namba. Kwa siku kadhaa watu walijipanga kwenye ofisi za TANESCO kusaka tarakimu 20, na Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dk. Medard Kalemani, akaagiza maofisa wa TEHAMA wa shirika hilo wasimamishwe kazi. Magazeti, letu likiwamo, yakaandika nani kasimamishwa. Hatukuandika kwamba mamilioni ya watu walikuwa wanapita kwenye tundu moja la sindano ili wawashe taa.

Miaka mitatu baadaye, Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulisitisha huduma kwa umma kwa siku mbili. Tunautaja kwa makusudi: kama wenye vifaa vyote vile walifunga mlango, unafikiri ilikuwaje kwa kijana mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi Ubungo, ambaye kazi yake yote ni kujazia watu fomu za mtandaoni? Wengine walijua siku hiyo kuwa intaneti hupita sakafuni mwa bahari. Walidhani inashuka angani kama mvua.

Kisha ikaja 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Safari hii hakuna waya uliokatika. Intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa. Kuizima lilikuwa kosa, tunalisema bila kuzunguka, ila hilo lina siku yake. Leo tunatazama walioachwa mikono mitupu. Dereva wa taksi ya programu asiyejua nauli ya Sinza hadi Posta mpaka simu imwambie. Mfanyabiashara ambaye orodha ya wadaiwa wake wote iko kwenye akaunti isiyofunguka. Na vijana wenye pesa kwenye simu wasiojua kuifikia, kwa kuwa wamezoea kugusa picha kwenye kioo. Mwenye kitochi alishika nyota, mia na hamsini, nyota, na reli mwishoni, akaifuata menyu kama alivyofanya siku zote, kwa sababu menyu ile haihitaji intaneti hata kidogo. Ujuzi wa bibi ulikuwa umebaki kwa bibi.

Unguja wangetufunza mapema kama tungewasikiliza. Desemba 2009 waya wa umeme utokao Ras Kiromoni, bara, hadi Ras Fumba ulifeli, na kisiwa kikakaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Na hiyo ilikuwa mara ya pili. Mwaka 2008 walikuwa wamekaa karibu mwezi mzima. Ukiwauliza waliokuwapo, giza hawalitaji kwanza. Giza walilizoea, chemli zikapanda bei na maisha yakaendelea. Wanachokitaja ni maji. Pampu zinazosukuma maji mabombani zinakula umeme, kwa hiyo mifereji ilikauka siku ileile taa zilipozimika, na watu wakashika ndoo kutafuta visima. Mtaa ambao kisima chake cha zamani kilikuwa bado wazi ulipokea wageni toka alfajiri. Penye kisima kilichofukiwa pakajengwa kibaraza, watu walikaa juu ya kibaraza na kiu yao. Hakuna serikali iliyoamuru visima vifukiwe. Vilifukiwa na wenyewe, taratibu, kwa kuwa mfereji ulikuwa unatoa na kisima kilionekana kinakula nafasi.

Sasa ingia kwenye ofisi yoyote uhesabu visima tunavyovifukia.

Mwenzetu mmoja hivi karibuni alikaa saa tatu na ushei mbele ya dirisha la malipo la hospitali moja, hatuitaji, noti zikiwa mkononi na mgonjwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mfumo unaotoa namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontroli namba, ulikuwa chini. Bila namba hakuna malipo, bila malipo hakuna kipimo. Taslimu haipokelewi. Mhudumu hakuwa mkorofi. Alikuwa binti mpole aliyerudia sentensi ileile kwa kila aliyefika dirishani: "Mfumo uko chini, subirini." Alipoulizwa mfumo ukiwa chini taratibu inasemaje, alisema taratibu ni kusubiri. Hakuwa anadanganya. Ndicho alichofundishwa.

Tuwe waungwana: fedha taslimu iliondolewa madirishani kwa sababu njema. Wote tunaujua mchezo wa vitabu viwili vya risiti, kimoja cha serikali na kingine cha mfukoni. Kontroli namba imeokoa pesa nyingi ya umma, na hatutaki mchezo ule urudi kwa mlango wa uani. Lakini ni kazi gani kuwa na kitabu kimoja cha risiti chenye namba za mfululizo, kimefungiwa kabatini kwa mganga mfawidhi, kinatolewa pale tu mfumo ukianguka, na saa ya kuanguka inaandikwa, na kesho yake kila risiti inaingizwa mfumoni mbele ya mkaguzi? Hiyo siyo teknolojia ya kuagiza ng'ambo. Inataka mtu mmoja aamue na mtu mwingine afundishwe.

Neno "subirini" limekuwa jibu la halmashauri, la stendi, la benki na la chuo. Limezoeleka hata sisi wateja tunalipokea kama taarifa ya hali ya hewa. Mfumo uko chini, kama vile mvua inanyesha. Mvua haina mwenyewe. Mfumo unaye, amelipwa kuujenga na analipwa kuutunza, na yeye ndiye wa kuulizwa kisima kiko wapi.

Huo ni upande wa mifumo inayogoma. Kuna upande wa pili, wa mifumo inayofanya kazi vizuri mno, ila inamfanyia kazi mtu mwingine.

Hakuna msomaji wa ukurasa huu ambaye hajapata ujumbe wa "ile hela nitumie kwenye namba hii." Wengine walituma, na si wajinga. Ujumbe humkuta mtu siku ambayo kweli anadaiwa kodi ya nyumba, akadhani ni mwenye nyumba. Kuanzia 1 Mei 2019 hadi 20 Januari 2020 nchi nzima ilipanga foleni kuweka alama za vidole ili laini zisajiliwe upya kwa namba ya NIDA, na moja ya sababu tulizopewa ni kuukomesha utapeli huu. Vidole tuliweka. Ujumbe bado unaingia. Sehemu ya jibu ni kwamba wapo waliowekeshwa vidole mara mbili na msajili wa mtaani, "ya kwanza haijasoma," na ya pili ikafungua laini ambayo mwenye kidole hajawahi kuiona. Ipo njia ya kulijua hilo: *106# inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na ipo namba 15040 ya kuripotia ujumbe wa kitapeli. Tulipowauliza watu kumi na wawili hapa ofisini, watu wanaoishi kwa habari, wanne walizijua namba zote mbili. Huo si utafiti, ni aibu yetu tu tunaitoa hadharani.

Mikopo ya kwenye simu ni hivyohivyo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Ukubwa wa riba watu waliulalamikia sana, na ni haki yao. Mikopo ya "kausha damu" haikupewa jina hilo kwa mapenzi. Kilichowaumiza zaidi wengi ni aibu. Umekopa elfu hamsini, umechelewa siku mbili, na mkwe wako, mchungaji wako na bosi wako wanapokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Majina yao mkopeshaji aliyapata wapi? Ulimpa wewe. Siku ya kwanza programu iliuliza kama inaruhusiwa kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako, ikaweka kitufe cha kukubali, nawe ukabonyeza kama ulivyobonyeza tarakimu za LUKU, kwa sababu ndivyo tulivyozoezwa: likitokea swali, kubali, mambo yaendelee.

Jirani zetu Kenya walikwenda mbali kuliko majina. Katikati ya 2023, Nairobi, maelfu ya watu walijazana kwenye jumba la KICC na vituo vingine kupanga foleni mbele ya mpira wa chuma unaong'aa, wakakodoa macho ukapiga picha mboni zao, na kwa kufanya hivyo wakapata sarafu za kidijitali za Worldcoin zenye thamani ya karibu shilingi 7,000 za huko. Serikali ilisimamisha zoezi 2 Agosti 2023. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo za miili ya watu zifutwe. Kwa karibu miaka miwili, basi, sura ya jicho la mtu ilikuwa mikononi mwa kampuni asiyojua iko nchi gani, kwa bei ya mbuzi mmoja tena mwembamba. Waliohojiwa kwenye foleni hawakuficha: walihitaji pesa. Mwenye njaa hatumlaumu. Tunauliza ni nani aliwahi kukaa naye akamweleza kwamba namba ya siri ikiibwa unaibadilisha, na jicho likiibwa hulibadilishi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo hapa, ya mwaka 2022, na inatumika tangu 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Vizuri. Sheria inampa raia haki ya kuuliza taarifa zake zinachukuliwa za nini. Raia asiyejua kwamba taarifa zake ni mali hataifikia hatua ya kuuliza.

Hapo ndipo kila mtu husema dawa ni elimu, na kikao hufungwa. Elimu gani?

Ile tuliyonayo shuleni mara nyingi ni ya kuchora. Mtoto anaichora kompyuta kwenye daftari, anaweka mishale: kibodi, kipanya, kioo. Anaulizwa kwenye mtihani kirefu cha TEHAMA ni nini. Anapata alama zake zote na hajui kwa nini umeme wa nyumbani kwao unakuja kwa tarakimu. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inazungumza vizuri kuhusu ujuzi na stadi za kisasa. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, uamuzi mzuri, maana vingeozea maghalani. Ila kumpa mwalimu kishikwambi ni sawa na kumpa jembe. Bado hujamwambia alime wapi. Tungependa kuona somo moja, la dakika arobaini, ambalo mwalimu anaingia darasani na ujumbe wa LUKU, wa kitapeli na wa mkopo, anauandika ubaoni, na watoto wanauchambua: umetoka wapi, unataka nini, ukiujibu nini kinatokea. Kwa somo hilo chaki inatosha. Kwa akili unde, au akili mnemba kwa wanaoiita hivyo, mwalimu aliyezoea kuuliza maswali hayo hatashindwa kumkabili mwanafunzi aliyeletewa insha na simu. Atamwambia tu asimame aieleze.

Watoto, hata hivyo, ndio wenye nafuu. Wanaoliwa ni watu wazima. Na kwa watu wazima nchi hii haina haja ya kuomba mfano kwa mtu.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya." Wanaoikumbuka sasa wana mvi. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi kila wiki, na mashinani watu walikaa kwa vikundi, chini ya mwembe au kwenye darasa la shule ya msingi, wakiizunguka redio moja na kitabu chenye maandishi makubwa. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa. Walikuwa wapatao 75,000 nchi nzima. Kipindi kikiisha redio inazimwa na mjadala unaanza: hapa kwetu mbu wanazaliana wapi, choo cha nani hakifai, kesho tunaanza na nyumba ipi. Watu milioni mbili walishiriki. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, vichaka vikafyekwa. Ulikuwa wakati wa redio za mkulima na betri za kuanika juani.

Tuichambue kampeni ile ilifanikiwa kwa nini, maana wengi tunaikumbuka kwa nyimbo tu. Haikuwaambia watu "chemsheni maji" ikaishia hapo. Iliwaeleza kwamba malaria inaletwa na mbu, mbu anazaliwa kwenye maji yaliyotuama, na kichocho kina konokono wake. Aliyekijua chanzo alijua cha kufanya hata mahali ambapo kitabu hakikupataja. Iliwapa mtu wa kumuuliza, wa palepale, anayeitwa kwa jina. Na ilikuwa kwa Kiswahili kilichonyooka, wakati vigezo na masharti ya mikopo ya simu leo vimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, herufi za ukubwa wa chawa.

Leo tuna redio za jamii karibu kila mkoa, tuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliyoundwa kisheria mwaka 1975 na ingali hai, na tuna jeshi ambalo Mwalimu hakuwa nalo: mawakala wa pesa za simu. Kila kona yenye mwavuli ina wakala. Watu humwamini kiasi cha kumtajia namba ya siri, jambo ambalo hawapaswi kulifanya na ambalo yeye angekuwa wa kwanza kuwakataza kama angefundishwa hivyo. Kampuni za simu zinawalipa mawakala hawa kamisheni kwa kila muamala. Ziwalipe pia kwa saa moja ya wiki ya kueleza. TCRA iliyolazimisha vidole vyetu vichukuliwe inaweza kulazimisha na hilo, na Benki Kuu iliyozijua programu 69 izisome kwa majina redioni, polepole, kwa lafudhi ya kila kanda, mpaka zikaririwe kama matokeo ya mpira.

Tunajua kitakachojibiwa: hakuna fungu. Fungu la kununua mifumo huwa lipo. Kila mradi wa TEHAMA unaopitishwa na halmashauri una mstari wa vifaa, wa leseni na wa posho za uzinduzi, pamoja na fulana. Tunataka madiwani wasipitishe mradi wowote wa aina hiyo usio na mistari mingine miwili, mmoja wa kuwafundisha watakaoutumia, kuanzia mhudumu wa dirishani hadi mama mwenye kitochi, na mwingine wa kueleza siku mfumo ukianguka kazi itaendeleaje. Huo wa pili uwe na jina la mtu, namba ya simu yake, na muda ambao ukipita taslimu inapokelewa na kitabu cha risiti kinatoka kabatini. Uandikwe ubandikwe ukutani pembeni ya dirisha, pale mteja anapotazama wakati anaposubiri.

Na sisi tujisahihishe. Mwaka 2024 ukurasa huu uliandika kuhusu mita za LUKU mara mbili, na mara zote mbili tuliwakumbusha wasomaji tarehe ya mwisho. Hatukueleza ile hesabu ya dakika, ingawa tungeweza kuitafuta kwa mchana mmoja. Kuanzia toleo lijalo tutatenga safu ya kila wiki kueleza kitu kimoja ambacho sote tunakibonyeza: kontroli namba inatoka wapi, kadi ya benki inasomwaje, kwa nini simu inajua uko Morogoro.

Tunawaomba wasomaji nao watuandikie. Kila mtakapoambiwa mfumo uko chini, tuleteeni siku, saa mliyofika, saa mliyohudumiwa au mliyokata tamaa, na maneno mliyojibiwa mlipouliza kisima kiko wapi. Ofisi tutazitafuta kwanza zijieleze, kisha tutachapisha orodha.